Umerithi vifurushi vya sarafu: uvichambue vyote au uvipeleke benki?

Leo somo letu halihusu kutuma hela. Linahusu hela iliyokaa ndani ya sanduku miaka mingi, halafu siku moja ikawa yako.

Ndugu yetu mmoja anayetunza wazee huko Minneapolis alifiwa na shangazi yake. Huyo shangazi alikuwa amekaa Marekani miaka mingi, na kazi yake ilikuwa kusimamia dobi la mashine, zile mashine za kufulia unazotumbukiza sarafu. Hakubahatika kupata mtoto. Katika wosia alimwachia dada yetu huyu pamoja na mdogo wake wa kiume aliyeko Tanga vitu vichache, na kati ya hivyo masanduku mawili mazito yasiyobebeka. Ndani mlikuwa na sarafu zilizofungwa kwa karatasi, vifurushi virefu vya mviringo kama pakiti za biskuti. Vifurushi 236.

Habari zikafika Tanga kabla hata vumbi halijafutwa. Mdogo mtu akapiga simu usiku: "Dada, usiuze kitu! Nimeona video, peni moja tu imeuzwa mamilioni. Fungua zote, moja moja, mimi naangalia kwenye simu." Dada akamjibu: "Mdogo wangu, mimi naingia kazini saa kumi na mbili asubuhi."

Hapo ndipo palipo na somo letu. Ukiwa na vifurushi vya sarafu za zamani, uamuzi wa kwanza ni kazi kiasi gani ufanye kabla ya kuuza. Ukichambua kila kitu unaweza kupoteza siku nzima za mapumziko kwa faida ya dola mbili. Usipochambua kabisa unaweza kumpa mtu mwingine urithi wako bure. Njia ya katikati ipo, na inaanzia kwenye mizani ya jikoni.

Tahadhari ya lugha: katika somo hili nikisema "fedha" namaanisha madini, ile fedha ya pete na mikufu. Pesa nitaziita pesa au hela.

HATUA YA 1: HAKIKISHA NI ZAKO, UANDIKE

Kabla hujagusa karatasi, jiulize nani mwenye mali. Kama kuna wosia na msimamizi wa mirathi, subiri akukabidhi. Kama mko warithi wawili au zaidi, hesabuni pamoja, hata kama mmoja yuko kwenye simu. Dada yetu alipiga picha masanduku yakiwa wazi, akahesabu vifurushi kwa aina, akaandika kwenye daftari na kumtumia mdogo wake ukurasa ule ule usiku ule ule. Hiyo picha moja ilimwepusha na maneno mengi baadaye.

Wewe unayefanya kazi ndani ya nyumba ya mtu, uwe Muscat, Riyadh, London au Boston, sikiliza vizuri. Mzee unayemhudumia akikupa sarafu, hata kama amekupa kwa moyo wote, usiziweke kwenye begi lako kimya kimya. Omba mtoto wake aandike hata ujumbe mfupi wa simu: tumempa fulani sarafu kadhaa, tarehe fulani. Zawadi isiyo na ushahidi inaweza kugeuka tuhuma siku mzee akifariki, na tuhuma ya wizi inaweza kukugharimu kazi na viza.

HATUA YA 2: HESABU THAMANI YA USONI

Thamani ya usoni ni ile iliyoandikwa kwenye sarafu yenyewe. Vifurushi vya Marekani vina idadi inayojulikana:

Senti 1: sarafu 50, thamani senti 50.
Senti 5: sarafu 40, thamani dola 2.
Senti 10: sarafu 50, thamani dola 5.
Senti 25: sarafu 40, thamani dola 10.
Nusu dola: sarafu 20, thamani dola 10.

Wenyeji huziita peni, nikeli, daimu, kwota na nusu dola. Dada yetu alikuwa na vifurushi 180 vya senti 1, 24 vya senti 5, 20 vya senti 10, 11 vya senti 25 na kimoja cha nusu dola. Jumla ya usoni: dola 358. Hiyo ndiyo sakafu. Yeyote atakayekupa chini ya hapo anakuibia mchana.

Sasa hesabu na muda wako. Ndani ya masanduku yale mlikuwa na sarafu 11,420. Kuiangalia sarafu moja pande zote mbili, tuseme sekunde 6. Hiyo ni saa 19. Kama unalipwa dola 17 kwa saa, saa 19 ni dola 323. Yaani kuzichambua zote kungekula muda unaokaribia thamani ya sarafu zenyewe! Na huo ni muda wa usingizi, maana mchana uko kazini. Jasho lako lina bei, ndugu yangu, hata unapojifanyia kazi mwenyewe.

HATUA YA 3: JUA UNATAFUTA NINI

Watu wengi wanadhani sarafu ikiwa ya zamani basi ni ghali. Siyo hivyo. Kwa sarafu za Marekani, mwaka wa kwanza kukumbuka ni 1964.

Mpaka 1964, senti 10, senti 25 na nusu dola zilitengenezwa kwa fedha ya asilimia 90. Mwaka 1965 Rais Lyndon Johnson alitia saini sheria mpya ya sarafu. Fedha ikaondolewa kabisa kwenye senti 10 na senti 25, zikawa za shaba iliyofunikwa na mchanganyiko wa nikeli. Nusu dola ilibakiziwa fedha ya asilimia 40 mpaka 1970.

Senti 5 haina fedha, isipokuwa zile za wakati wa vita, kuanzia katikati ya 1942 mpaka 1945. Hizo zina fedha ya asilimia 35. Alama yake ni herufi kubwa, P, D au S, juu ya paa la jengo upande wa nyuma.

Senti 1 haina fedha. Mpaka 1982 ilikuwa karibu yote shaba, na tangu mwaka huo ni zinki iliyopakwa shaba. Lakini usikimbilie kuyeyusha. Sheria ya Marekani inakataza kuyeyusha senti 1 na senti 5, na msafiri haruhusiwi kutoka nazo nchini kwa wingi. Kikomo cha kawaida cha kubeba mfukoni ni dola 5 tu.

HATUA YA 4: MIZANI KWANZA, MACHO BAADAYE

Huhitaji kuchana karatasi ili kujua kama ndani kuna fedha. Fedha ni nzito kuliko mchanganyiko wa siku hizi, kwa hiyo kifurushi kizima hujisema chenyewe kwenye mizani ya jikoni inayosoma gramu.

Kwanza ijaribu mizani yako. Senti 5 ya Marekani ina gramu 5 kamili, kwa hiyo sarafu 20 zisome gramu 100. Zikisoma 97 au 104, tafuta mizani nyingine. Kisha pima kifurushi kimoja kimoja, ukitoa gramu 1 hivi ya karatasi:

Senti 10: za kawaida gramu 113, za fedha gramu 125.
Senti 25: za kawaida gramu 227, za fedha gramu 250.
Nusu dola: za kawaida gramu 227, za 1965 mpaka 1970 gramu 230, za fedha ya asilimia 90 gramu 250.
Senti 1: za zinki gramu 125, za shaba karibu gramu 155.
Senti 5: gramu 200, ziwe na fedha au zisiwe nayo. Hapa mizani haikusaidii.

Sarafu zilizochakaa hupungua kidogo, usishtuke ukiona 248 badala ya 250. Na ukiona uzito wa katikati, ujue zimechanganyika. Dada yetu alipata kifurushi cha senti 25 chenye gramu 236. Ukitoa karatasi, 235. Ukitoa uzito wa kawaida, 226.8, inabaki 8.2. Kila senti 25 ya fedha inazidi ya kawaida kwa gramu 0.58. Gawa 8.2 kwa 0.58, unapata 14. Alipofungua, sarafu za fedha zilikuwa 14.

Mizani inafichua pia ujanja wa zamani: sarafu nzuri mwanzoni na mwishoni mwa kifurushi, katikati mmejaa za kawaida. Macho yanaona ncha mbili tu. Mizani inaona zote.

Vifurushi vyote, ukiacha vya senti 5, vilimchukua saa moja hivi. Matokeo: vifurushi 2 vya senti 10 vilisoma karibu 125. Kimoja cha senti 25 kilisoma 249. Kimoja ni kile cha 236. Nusu dola ilisoma 231. Vya senti 1, vifurushi 31 vilikuwa vya shaba na 149 vya zinki. Vilivyobaki vyote vilikuwa vya kawaida.

Kutoka vifurushi 236, vya kufungua vikabaki 5, pamoja na sampuli chache za senti 1 na senti 5. Hapo mtu analala usingizi wake.

HATUA YA 5: FUNGUA VICHACHE, KWA UTARATIBU

Kwa vifurushi vya fedha, fungua juu ya kitambaa, shika sarafu kwa ukingo. Ukingo wa sarafu ya fedha ni mweupe mtupu. Ya kawaida ina mstari wa rangi ya shaba. Halafu soma mwaka na herufi ndogo ya kiwanda, maana chache zina thamani kubwa kuliko fedha iliyomo. Mfano ni senti 10 ya 1916 yenye herufi D (zilitengenezwa 264,000 tu), na senti 25 ya 1932 yenye D (436,800) au S (408,000). Ukikutana na mojawapo, itenge peke yake, usiiuze kwa kilo.

Kama karatasi ni ya benki, imekunjwa kwa mashine na haijawahi kufunguliwa, subiri. Kuna wanunuzi wanaolipia zaidi kifurushi kizima cha zamani. Kionyeshe kwanza, utachana baadaye.

Na tafadhali, USISAFISHE. Hakuna ndimu, hakuna majivu, hakuna dawa ya meno. Najua bibi zetu walituzoesha kung'arisha masufuria, lakini sarafu iliyosuguliwa hupoteza bei mbele ya mkusanyaji, na haina dawa tena.

Kwa senti 1 na senti 5, fanya sampuli. Dada alifungua vifurushi 4 vya senti 5: hakupata hata moja ya wakati wa vita. Akaacha. Alifungua 5 vya senti 1 za shaba, sarafu 250, dakika 25. Akapata 6 zenye picha ya masuke ya ngano nyuma, aina iliyotengenezwa kuanzia 1909 mpaka 1958. Zilikuwa za miaka ya kawaida, zimechakaa, thamani yake senti chache kila moja. Akaacha tena.

Mdogo wake hakuridhika. "Na kama ile ya mamilioni imo kwenye zilizobaki?"

"Ikiwemo, imo. Mimi nitaitafuta jioni za baridi nikiwa sina kazi. Lakini siwezi kukunja mgongo kwa ajili ya video."

Hilo jibu lishike. Kuchambua sarafu kwa kujifurahisha ni jambo zuri, ni mchezo wa kutuliza akili baada ya zamu. Shida inaanza pale mchezo unapovaa nguo za mpango wa fedha, na familia inapoanza kuhesabu bati za nyumba juu ya sarafu ambayo haijaonekana.

HATUA YA 6: UZA KWA HESABU, SIYO KWA MANENO

Fedha huuzwa kwa aunsi, ambayo ni gramu 31.1. Kwa sarafu za fedha ya asilimia 90 zilizotumika, wafanyabiashara huhesabu aunsi 0.715 kwa kila dola 1 ya thamani ya usoni. Nusu dola moja ya 1965 mpaka 1970 ina aunsi 0.148.

Hesabu ya dada yetu ilikuwa hivi:

Senti 10, vifurushi 2, dola 10 usoni: aunsi 7.15.
Senti 25, kifurushi kimoja, dola 10 usoni: aunsi 7.15.
Senti 25 zile 14, dola 3.50 usoni: aunsi 2.5.
Nusu dola 20: aunsi 2.96.

Jumla karibu aunsi 19.8. Wakati ule aunsi moja ilikuwa karibu dola 30, kwa hiyo fedha iliyomo ilikuwa na thamani ya kama dola 593. Wewe tumia bei ya siku yako, inabadilika kila siku.

Kabla ya hapo, mnunuzi mmoja wa kupita aliyekodi chumba cha hoteli alikuwa ameangalia masanduku na kusema: "Dola 400 kwa vyote, nakupa sasa hivi." Ukiangalia haraka, ni zaidi ya 358. Inavutia. Lakini hakupima chochote, na alikuwa na haraka sana. Anayekuharakisha kuuza anajua kitu usichokijua.

Dada alikwenda kwenye maduka matatu ya sarafu, kila moja akaonyesha fedha tu pamoja na hesabu yake ya aunsi. Duka la kwanza dola 480, la pili 530, la tatu 550. Akauza la tatu, akachukua risiti. Duka halitakupa bei kamili ya soko, nalo linataka faida, lakini tofauti ya duka na duka umeiona mwenyewe.

Zilizobaki, isipokuwa vile vifurushi 31 vya senti 1 za shaba, alizipeleka benki kwenye akaunti yake: dola 309. Hakuzimwaga kwenye mashine ya kuhesabia sarafu ya dukani, maana nyingi hukata asilimia ukitaka pesa taslimu. Uliza benki yako kwanza kama inapokea sarafu zilizofungwa.

Jumla: dola 859, badala ya 400. Muda wote wa kupima na kufungua haukufika saa nne, ukiacha kuzunguka madukani. Nusu ikaenda Tanga, dola 429.50, pamoja na picha za risiti. Mdogo wake hakupata mamilioni, lakini hakuwa na swali hata moja la kuuliza.

Weka risiti na uandike thamani ya sarafu siku marehemu alipofariki. Kwa Marekani, kodi ya faida huhesabiwa kutoka thamani ya siku hiyo, siyo kutoka zile senti zilizoandikwa usoni.

KAMA URITHI WAKO NI WA NCHI NYINGINE

Kanuni ni ile ile: jua mwaka fedha ilipoondolewa, pima, ndipo ufungue. Na uza sarafu katika nchi inayozijua, maana maduka ya kubadilisha pesa kwa kawaida hayapokei sarafu.

Uingereza: sarafu nyeupe za kabla ya 1920 zina fedha ya asilimia 92.5. Za 1920 mpaka 1946 ni asilimia 50. Kuanzia 1947 hazina.

Nyumbani: kopo la babu mara nyingi lina shilingi za Afrika Mashariki zenye picha ya simba. Za 1921 mpaka 1946 zina fedha ya asilimia 25 tu, za baadaye hazina. Senti 10 zenye tundu zitunze kwa kumbukumbu. Rupia za Wadachi, zilizotolewa kuanzia 1890, ni fedha nzuri ya karibu asilimia 92. Na ukiambiwa una sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo, iliyotengenezwa Tabora mwaka 1916, usishangilie kabla haijakaguliwa na mtaalamu, kwa sababu za bandia zipo.

ZOEZI

Una kifurushi cha senti 10 za Marekani. Mizani inasoma gramu 119 pamoja na karatasi ya gramu 1. Senti 10 ya fedha inazidi ya kawaida kwa gramu 0.232, na uzito wa kawaida wa kifurushi ni gramu 113.4. Je, ufungue?

Jibu: 118 toa 113.4 ni 4.6. Gawa kwa 0.232, unapata kama sarafu 20 za fedha. Hizo ni dola 2 usoni, aunsi 1.43, na aunsi ikiwa dola 30 ni kama dola 43. Dakika tano za kufungua kwa dola 43? Fungua! Ila kumbuka mizani ikikosea gramu 1, hesabu yako inakosea sarafu nne, kwa hiyo pima mara mbili.

Na kama mizani ingesoma 114? Kifunge vizuri, kipeleke benki, kalale. Kesho kuna kazi.